Samadi ya Jirani

Jirani yangu wa Kihanga amekufa siku nyingi. Mungu amrehemu akiona inafaa, mimi bado. Watu huniambia marehemu hasemwi vibaya. Sawa, sitamsema vibaya. Nitasema alichofanya, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Nilifika Kihanga nikiwa bibi harusi, miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nimezaliwa Tabora mjini kwa watu wenye asili ya pwani, na mume wangu alikuwa na duka kando ya barabara: chumvi, kaniki, sabuni ya mche, mafuta ya taa. Mkuu wa kijiji, ambaye wenyeji humwita omukungu, alikuwa amempa mume wangu kibanja nyuma ya duka, na hapo ndipo tulipojenga. Mbele ya nyumba palikuwa na uwanja. Chini ya uwanja palikuwa na kipande cha ardhi kilichoteremka taratibu hadi kwenye migomba ya jirani, nacho kilikuwa magugu matupu. Sikuweza kukaa barazani nikayatazama.

Nilikisafisha mwenyewe kwa jembe, mimba ya kwanza ikiwa tumboni. Nikapanda mrehani pembeni, waridi katikati, na asumini niliyoletewa kutoka Tabora ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi. Nikakata madebe matupu ya mafuta ya taa, nikayatoboa chini, nikayapanga kwenye ngazi za baraza na maua ndani yake. Njia ya kuteremkia bustanini niliipangia mawe pande zote mbili, na mawe hayo niliyapaka udongo mweupe kila Idi ilipokaribia. Wateja walikuwa wakimaliza kununua chumvi wanazunguka nyuma ya duka kuangalia. Nilijidai, sikatai. Kazi ilikuwa yangu na ilipendeza.

Jirani alikuwa mjane, mwanamke wa ng'ombe, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na nguo nyeupe. Alikuwa mkubwa kwangu, namwamkia shikamoo mama, naye ananiita binti yangu. Siku moja aliniona nikihangaika na ule udongo mwekundu, akasema, "Binti yangu, maua hayali mawe. Nitakuletea samadi." Akaleta. Si kikapu kimoja; alileta msimu ule, na uliofuata, na mwingine tena, samadi iliyooza vizuri kutoka zizini kwake, na mara nyingine akaimwaga na kuichanganya mwenyewe kwa mikono yake. Nilimpelekea sukari, hakuikataa, lakini hakuwahi kudai kitu. Udongo ukawa mweusi. Waridi zangu zikatoa maua makubwa. Nilimwambia mume wangu kwamba huyu mama ni mtu wa peponi, na sasa nikikumbuka maneno hayo mdomo unaniwasha.

Sasa sikilizeni ushauri wake. Alisimama nami uwanjani, akakunja mikono, akaitazama bustani kama mtu anayechagua kitambaa. "Imependeza," akasema, "ila haina mkufu. Panda omuramura hapa juu, kwenye ukingo wa uwanja. Mtu akikaa barazani ataona majani marefu kwanza, halafu maua chini yake." Omuramura ni mmea wa shina jembamba na majani marefu kama mikuki, wa kijani kizito, hautupi jani kiangazi wala masika. Niliupenda pale pale. Alinikatia vipando yeye mwenyewe, nami nikavichomeka kwa mstari ulionyooka, kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine. Mume wangu alitoka dukani akatazama, akasema pazuri. Huyo naye alijua kanga na marekani. Majani yote kwake yalikuwa majani.

Wapita njia waliuona mstari ule na hawakusema neno. Siwalaumu. Nani humuuliza mwenzake habari za kwake?

Katika miaka hiyo kulikuwa na jambo moja lililoninyima raha, nalo ni neno mgeni. Kisimani wanawake waliniita omugenyi, wakicheka, bila ubaya, lakini waliniita. Kisha mwenye duka mmoja wa Songambele, mtu wa pwani kama sisi, alifariki. Mjane wake na watoto wakaambiwa wahame. Walielezwa kwamba marehemu alikaribishwa tu kukaa, hakuwa mtu wa hapo, na mgeni akifa karibisho lake limekwisha. Walipita dukani kwetu na lori, magodoro yamefungwa juu, mtoto mdogo akilia anataka maji. Nilimpa maji. Tangu siku ile, aliyeniita mgeni nilimjibu. Nilijifunza Kinyambo, lugha ya hapo, mpaka nikaweza kutukana nacho. Kisimani nilisema wazi kwamba mimi ni wa hapa, watoto wangu wawili wamezaliwa hapa, na asiyetaka aende akachote kwingine.

Omuramura ukashika, ukafika kifuani. Asubuhi moja nikasikia jembe bustanini. Nikatoka, nikamkuta mtoto wa kiume wa jirani, kijana aliyekuwa anatafuta kuoa, anachimba mashimo ya migomba katikati ya mrehani wangu. Mama yake alikuwa amesimama kando.

"Mama, huyu anafanya nini?" nikauliza.

"Analima kwake," akajibu, kwa upole ule ule wa siku zote. "Mbona unashangaa, binti yangu? Mpaka umeupanda mwenyewe."

Mume wangu alifunga duka, akamfuata mzee mmoja mteja wetu, akarudi na maelezo. Kumbe omuramura si pambo. Huko ndio mpaka wa kibanja na kibanja. Ukiona mstari wake, umeona mwisho wa ardhi ya mtu. Anayeupanda mbele ya jirani bila ugomvi amekubali. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Na mimi niliupanda juu ya bustani yangu, nikaiacha bustani upande wa pili. Ndipo nikaielewa samadi. Alikuwa hanipi mimi. Alikuwa analisha shamba la mwanawe, na aliyekuwa akilipalilia ni mimi, bure, kwa furaha. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe, na nilicholima kikachukuliwa.

Nilimtukana. Nilitumia Kinyambo chote nilichokuwa nacho, kilipokwisha nikaendelea kwa Kiswahili. Alimwambia mwanawe asimamishe kazi mpaka wazee waamue, kwa sababu alikuwa na hakika nao.

Tulikaa nyumbani kwa omukungu, wanaume kwenye viti, sisi wanawake wawili kwenye majani mapya yaliyotandikwa chini. Omukungu aliniuliza ni nani aliyepanda. Nikasema ni mimi. Kwa mkono wako? Kwa mkono wangu. Akashauriana na wazee wake, kisha akazungumza na mimi taratibu, na nakiri alikuwa mtu wa haki.

"Ulijua kwamba kwetu huo ndio mpaka? Kama hukujua, hatuwezi kumfunga mgeni kwa alama asiyoijua. Tutang'oa mstari, na kipande kitabaki kwenu kama zamani."

Mume wangu alinitazama, uso umefunguka. Lilikuwa neno moja tu, sikujua, tena la kweli.

Lakini jirani akainua mkono, akaomba kusema. "Wazee, huyu si mgeni," akasema. "Kisimani kila siku anatuambia yeye ni wa hapa. Sote tumesikia. Mtu wa hapa asijue omuramura?" Wazee wawili wakacheka kidogo. Omukungu akanigeukia tena.

"Basi tuambie wewe. Wewe ni mgeni, au ni mtu wa hapa?"

Nilimtazama yule mwanamke na nikaona ametulia kabisa. Nikisema sikujua, maua ni yangu, na wazee wote wameshuhudia kwa kinywa changu kwamba sisi ni wageni waliokaribishwa kukaa. Mume wangu alikuwa mtu mzima, ananizidi miaka mingi. Wanangu walikuwa wadogo. Nililiwaza lile lori.

"Nilijua," nikasema.

Omukungu akaitikia kwa kichwa. Akatamka mbele ya wote kwamba mpaka ni huo, kipande cha chini ni cha mjane na mwanawe, na juu ni kibanja cha nyumba yetu, sisi na watoto wetu. Mume wangu alinitangulia njia nzima kwa hasira. Alidhani ni kiburi, na sikumweleza, kwa maana mtu humwambiaje mumewe kwamba nilikuwa nahesabu kifo chako?

Kesho yake kijana alirudi na jembe. Waridi ziling'olewa kabla ya adhuhuri. Asumini ilikuwa imeshikana na ardhi, akaikata kwa panga. Mama yake aliita kutoka chini, "Binti yangu, njoo uchukue maua yako ukapande kwingine." Sikwenda. Migomba ile ilistawi kuliko yote Kihanga, na kila mtu alimsifu kijana kwa bidii yake.

Mume wangu alifariki miaka michache baadaye. Omukungu alikuwa mwingine, kijana zaidi. Alikuja kutoa pole na wazee wake, nami nikawa nangoja aseme la Songambele. Alisimama uwanjani akautazama ule mstari, ukiwa sasa mrefu kuliko mlango. Akamuuliza mzee mmoja ni mpaka wa nani na nani, akaambiwa ni wetu na wa jirani, na kwamba wazee waliupitisha. Akaingia, akaketi, akala, akaenda zake. Hakuna aliyekuja tena kuniuliza juu ya kibanja, wakati huo wala baadaye, na wanangu wamejenga hapo.

Jirani naye alikuja matangani. Alinishika mkono akasema, "Unaona, binti yangu, una kwako." Alikuwa anasema kweli, na alijua ninajua. Niliuondoa mkono wangu. Kuniibia ningeweza kumsamehe. Kwamba naishi kwa wizi wake, hilo siwezi.