Kodi ya Immakulata

Binti yangu Immakulata alikuwa na miaka ishirini na minne alipovuka mpaka kwenda kujitolea Uganda. Ilikuwa mwaka 1989. Hapa kwetu Kagondo, upande wa Bukoba, tulikuwa tumezika wengi kwa ukimwi, akiwemo dada yake, ambaye Immakulata alimwogesha mpaka siku ya mwisho. Parokia moja kule Rakai ilipotafuta wasichana wasioogopa wagonjwa, akaandikisha jina. Hakuniuliza.

Mshahara haukuwapo. Walimpa posho ya sabuni, chumvi na kodi ya chumba, nayo ilichelewa. Mwezi wa nne nikapata barua: "Mama, mwenye nyumba wangu, Mama Siti, amesema Jumapili ikifika bila kodi nirudi kwetu. Nina wagonjwa kumi na mmoja. Pesa ya kwetu hapa haisaidii. Niletee kahawa ya kutafuna."

Nilikuwa nayo ndani, ile tunayoichuma mbichi, kuichemsha na majani yenye harufu na kuianika. Nikaifunga kwa maganda ya mgomba, vifurushi arobaini.

Jirani yangu Mushumbusi akanikuta nafunga. "Unakwenda kufungwa, mama. Kahawa inauzwa kwenye chama cha ushirika tu. Ukiivusha ni magendo."

"Magendo ya kikapu kimoja?"

"Nathanieli wa hapa kijijini alifungwa kwa debe moja. Watoto wako nisiwalishe mimi."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaificha chini ya ndizi, na hapo ndipo nilipokosea. Pale Mutukula, mpakani, askari kijana alizamisha mkono kikapuni akatoa kifurushi.

"Mbona umeificha?"

"Kwa sababu nilikuogopa, mwanangu," nikasema. "Lakini itafune kwanza."

Mkubwa wake, Mhaya mwenye mvi, akasogea, akatia punje mdomoni. "Mwache mama. Hii ni ya kukaribishia wageni. Mwenye magendo hana muda wa kuchemsha." Kisha akatia vifurushi viwili mfukoni. "Hivi ni vya uchunguzi."

Nilifika Jumamosi. Immakulata alikuwa amekonda, lakini hakutembea kama mtu anayefukuzwa. Akabeba kikapu moja kwa moja hadi kwa mwenye nyumba.

"Mama Siti, vifurushi thelathini na vinane. Kodi ya miezi miwili."

Mama Siti akanusa kimoja, akatafuna bila haraka. "Mwezi mmoja."

"Sokoni utaviuza kabla ya saa nne. Miwili."

"Mmoja na nusu. Na ufagie uani."

"Uani nafagia tangu nije. Miwili."

Mama Siti akanigeukia. "Binti yako ana mdomo."

"Nyumbani alikuwa mpole," nikasema. Immakulata akacheka.

"Basi, miwili," akasema Mama Siti. Akafungua kifurushi kimoja, akamimina punje kwenye kikapu kidogo, akaniwekea mbele, maana nilikuwa mgeni wake. Nikatafuna kahawa yangu mwenyewe, na ilikuwa nzuri.

Jumapili nilimsimulia ya mpakani. Nilikuwa nimepanga pia kumwambia arudi nami. Jumatatu asubuhi nilimkuta amekwisha kujitwika beseni lake la kuogeshea wagonjwa.

"Safari nyingine lete themanini, Mama," akasema. "Na uviweke juu ya ndizi."

Nikapanda gari la Bukoba peke yangu, nikihesabu mikahawa iliyokuwa karibu kuchumwa.