Diski Niliyoificha Kwenye Kopo la Dagaa

Kosa ni langu. Sianzi na shetani wala ugumu wa maisha, naanza na mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu, niliyeficha kitu kidogo kisicho changu kwa sababu ya wivu. Jina langu sitoi, na ya wengine nimeyabadilisha, maana hapa Sydney Warundi tunajuana mno.

Naishi St Marys na mwanangu wa kiume, mke wake Claudine, na binti yao Belyse ambaye yuko sekondari. Mama yake Claudine anakaa Ingleburn. Huyo ndiye niliyemwonea wivu.

Mtoto nimemlea mimi. Wazazi wake walikuwa wakienda kuhudumia wazungu wazee, zamu ya asubuhi, zamu ya usiku, na mimi ndiye niliyemwogesha, nikampikia, nikampeleka shule kwenye baridi. Halafu yule mwingine anakuja Jumamosi na mkoba wake, amejipaka mafuta uso unang'aa, na mtoto anakimbilia mlangoni. Roho ilikuwa inaniuma mpaka nakosa hamu ya chakula.

Hata laptop ya Belyse alinunua yeye. Wakikaa chumbani wanacheza gemu moja ya kujenga. Bibi anasema, mtoto anajenga. Walikuwa wanajenga nyumbani kwao yule bibi, kule kilimani Burundi kabla ya vita: jiko la mama yake, zizi, migomba, njia ya kushuka majini. Namsikia, "Hapana, mama, mlango ulitazama huku," na mtoto anajibu, "Okay Bibi, like this?" Wanacheka. Mimi niko jikoni na maharage yangu. Hakuna aliyenizuia kuingia, niseme ukweli. Nilikuwa nimenuna tu.

Siku moja Belyse akamwambia baba yake laptop imejaa. Gemu za siku hizi ni kubwa, zimemaliza nafasi yote, anahitaji diski ya pili. Baba yake akasema tutaangalia. Nikajisemea, safari hii simwachii yule mwanamke.

Sikumuuliza mtoto anataka diski ya namna gani. Nilipanda treni mpaka Lidcombe, kwa Mkenya mmoja anayetengeneza simu na kompyuta. Akaniwekea mbili mezani. Moja nyembamba, ndogo kama kipande cha biskuti. Nyingine kubwa, nyeusi, ina waya wake wa umeme, nzito kama tofali.

"Shosho," akaniita, ndivyo Wakenya wanavyomwita bibi, "unataka ya kufanyia nini?"

"Ya mtoto. Ya gemu."

"Basi chukua hii ndogo. Inaingia ndani ya laptop, inafanya kazi haraka, haina kitu kinachozunguka ndani. Hiyo kubwa ni ya kuwekea picha na video. Ukiweka gemu hapo, mtoto atangoja mpaka apate mvi kama zako."

Nikazishika, moja mkono huu, moja mkono huu. Sisi tuliokaa kambini Kigoma tulizoea kupima kwa mkono siku ya mgao. Ukipokea kilicho chepesi ukanyamaza, watoto wako wanalala njaa. Nikaona huyu kijana ananifanya mjinga, anataka kunipa kidogo kwa bei ya kikubwa.

"Nipe hii nzito."

"Shosho, hii si nyama. Hatupimi kwa kilo."

"Nipe, nimesema."

Akanipa.

Nilirudi nyumbani kabla Belyse hajatoka shule. Sijavua hata viatu, nikasikia hodi. Mama Claudine. Akatoa bahasha ndogo mkobani.

"Mkwe, nimemletea mjukuu wetu diski. Dukani niliwasomea jina la laptop yake, wakanichagulia. Usimwambie ni nini, mpe tu akirudi afungue mwenyewe."

Hakukaa, alikuwa anawahi kazini. Nikaifungua ile bahasha. Kitu chembamba, pacha wa kile nilichokikataa Lidcombe. Nikajua papo hapo nani kachagua vizuri. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Badala yake nikakitumbukiza na bahasha yake kwenye kopo la dagaa, lile ambalo humu ndani hakuna mwingine anayeligusa kwa sababu ya harufu.

Kwetu aliyetoa zawadi haulizi imefika wapi. Ukiuliza, ni kama unaidai. Nilijua Mama Claudine ana adabu hiyo, hataniuliza mimi wala mtoto. Niliiba nikiegemea adabu yake.

Belyse alirudi, nikampa ile nyeusi. "Wow, Bibi, it's huge." Akanikumbatia. Akaisimamisha mezani, akahamishia gemu zote kule, na ile nyumba ya kilimani pia, ili laptop ipumue. Baadaye nilimwona anangoja ifunguke, kidole kinagonga meza, anangoja tu.

"Ni nzuri?"

"It's good, Bibi."

Alikuwa ananistahi.

Jumamosi Mama Claudine akaja. Wakakaa, nyumba ikafunguka polepole, ukuta mmoja, halafu mwingine. Mimi nimesimama mlangoni. Yule mama akaitazama diski yangu, akanitazama mimi, akanyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikonichoma. Nilitaka aseme neno, akubali kwamba safari hii nimemshinda. Nikaingia, nikaishika ile diski ikiwa inafanya kazi, nikainyanyua.

"Umeona, Mkwe, nilichomnunulia mtoto? Hebu shika usikie uzito."

"Bibi, don't..."

Waya ulikuwa mfupi. Ukavuta, ikaniponyoka, ikaanguka kwenye vigae. Nje haikuvunjika. Ndani ilianza kukwaruza kama mtu anayeparua sufuria iliyoungua, halafu ikanyamaza. Kwenye laptop ile nyumba ikaganda, kisha ikapotea.

Belyse akachomoa waya, akachomeka, akachomoa, akachomeka. "Kila kitu kilikuwa humo," akasema. Kwa Kiswahili, mtoto ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote.

Hapo Mama Claudine akavunja adabu yake, na akaivunja kwa sauti ya chini. "Na ile ndogo niliyoleta? Hamkuhifadhi humo?"

"Ndogo gani, Bibi?"

Claudine naye alikuwa amesikia kishindo, amefika mlangoni. Wote watatu wakanigeukia. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nimeshaupanga. Lakini nilitazama ule uso wa mtoto, nikaenda jikoni. Nikarudi na bahasha inanuka dagaa, ina magamba. Mama Claudine akaipokea, akaifuta kwa kitenge chake, akampa mjukuu. Hakunitukana. Angenitukana, ningepata pa kujitetea.

"You had it the whole time," Belyse akasema. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Niliipeleka ile nyeusi Lidcombe. Yule Mkenya akaisikiliza sikioni, akatikisa kichwa. "Pole, Shosho. Ndani imekwaruzika. Sitakudanganya, hapa hakuna kitu cha kuokoa."

Wameanza kujenga upya. Ile ndogo iko ndani ya laptop, gemu inafunguka mara moja. Lakini Mama Claudine kichwa kimeanza kumsahaulisha. Mlango anauweka huku, akija tena anauweka kule. Njia ya majini hakumbuki ilipinda wapi. Juzi tulikuwa tunachambua mchele, Claudine akaniambia bila kuniangalia, "Ndiyo maana walikuwa wanaharakisha, Mama. Daktari alishasema. Sisi wote tulijua."

Mimi peke yangu sikujua. Ningejulia wapi, na sikuwahi kukaa nao hata mara moja nikasikiliza?

Sasa Jumamosi Belyse ndiye anayekwenda Ingleburn. Namfungia chakula, anapokea kwa mikono miwili, anashukuru. Heshima ipo. Kucheka chumbani hakupo tena, nyumba imetulia mpaka nasikia friji ikinguruma. Wiki iliyopita nilimwomba twende wote. Akafunga kamba za viatu kwanza, kimoja, kingine.

"Not yet, Bibi."

Nikamwambia sawa. Hiyo "bado" yake sijui ina urefu gani, na sina haki ya kuuliza.

Nyinyi bibi wenzangu mnaosoma hapa, au mnaosomewa: mtoto akitaka kitu, muulizeni yeye ni kipi. Fundi akikwambia hiki hakifai, msikilize, hata kama ana umri wa mwanao. Na kama mjukuu wako anacheka chumbani na bibi yake mwingine, acha masufuria, ingia, vuta kiti, kaa. Fanya hivyo wakati bado huhitaji ruhusa ya mtu.