Taa ya Mlimau wa Mama Pindo

Mama Pindo alishona nguo za watu mpaka vidole vikaota sugu, lakini siri yake ya kazi haikuwa sindano, ilikuwa balbu. Juu ya kioo cha wateja alitundika taa ya manjano iliyofifia, na chini ya taa ile hakuna mteja aliyewahi kujiona mbaya. Hata gauni lililopinda bega lilipendwa.

Marehemu mumewe alimwachia cherehani yenye kelele na mlimau kwenye ndoo, aliouotesha kwa mbegu akiwa mgonjwa. "Mke wangu, huu ukifa, jua umenizika mara mbili," alisema mzee yule, ambaye hata kitandani maneno hayakumwisha. Mama Pindo alipohamia kwa bintiye, chumba cha chini, dirisha likitazamana na ukuta wa jirani, mlimau ukaanza kupukutisha majani.

"Mama, siku hizi kuna taa za mimea," binti akamwambia. Wakaenda dukani. Muuza taa akawasha ya zambarau. Mama Pindo akautazama mkono wake chini ya mwanga ule, akauficha haraka ndani ya mtandio.

"Hii ni ya mimea au ya maiti?"

"Bibi, mmea haujitazami kwenye kioo. Hii ndiyo inayoulisha."

"Wewe uza taa, mawaidha sijakuomba." Akachagua ya manjano, iliyofifia, kama ile ya enzi zake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Nyumbani mlimau ukapendeza, we acha tu! Kila mgeni alisifu. Mama Pindo akajibu, "Aa, ni taa tu," huku kidevu kimeinuka. Majani yaliyoanguka aliyafagia kabla bintiye hajaamka, akasema moyoni kwamba hata nywele hukatika na mtu akabaki mzima.

Siku moja binti akaitoa ndoo nje apate kudeki. Jua likaupiga mlimau, na manjano yote yaliyojificha kwenye manjano ya taa yakatoka hadharani. Majani yamepauka, shina limenywea.

"Mama! Si jana ulikuwa mzima?"

Mama Pindo aliketi kizingitini akalia, kilio kile kile cha siku ya mazishi. Kisha akasema, "Nimeuvisha. Sikuulisha."

Akarudi dukani peke yake. Muuza taa alimfungia ile ya zambarau bila mawaidha, Mungu ambariki.

Sasa kila jioni anashona kando ya ndoo, uso rangi ya bilinganya. Jani jipya halijatoka, ila la mwisho nalo halijaanguka. Juzi jirani alichungulia mlangoni, akashtuka.

"Mama Pindo! Unaumwa?"

"Siumwi," akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo. "Tunakula."