Kifuniko cha Bukari

Makala ya kupikia yameisha, nimewasha kuni za kalitusi. Maji ya bukari, ugali wetu, yanachemka, na mvuke unatoka upande mmoja wa sufuria, pale kifuniko kilipobonyea.

Nyuma ya nyumba zetu, Likasi, kulikuwa na kijipori cha mikalitusi. Wavulana walikuwa wamepaka chokaa miti tisa. Ulirusha kifuniko cha ndoo ya rangi kutoka mti hadi mti, na aliyerusha mara chache kuliko wote ndiye mshindi. Mimi sikuwa na ndoo ya rangi, nikabeba kifuniko cha sufuria ya mama.

"Banamuke habatupake," mkubwa wao akasema, maana nilikuwa msichana. "Weye rudia ku jiko."

Nikarusha kutoka mti wa nane. Kikapasua majani, kikagonga wa tisa, kikalia mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Jioni mama alikigeuzageuza mkononi. "Piga magoti! Omba pardo!"

Nilipiga magoti kwenye changarawe mpaka bukari ikaiva, mpaka kaka zangu wakala wakamaliza. Sikuomba msamaha.

Kifuniko hiki ndicho alichoniachia mama. Mpaka leo sijaomba.