Waliokuwa Bondeni Walikwenda Wapi?

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na kama ningeweza kuisahau ningekuwa nimeisahau zamani. Ilikuwa mwezi wa saba, kijijini kwetu upande wa Matembwe, ukungu haujaondoka mpaka saa nne na vidole vimekufa ganzi kwenye mpini wa jembe. Nilikuwa nimerudi likizo, kidato cha tatu, msichana wa kwanza wa kijiji kile kufika huko. Nilivaa sweta ya shule hata siku ambazo si za shule, ili nisisahauliwe. Na kichwani nilikuwa na Tennessee.

Usicheke. Tennessee ni jimbo la Marekani, upande wa kusini, refu na jembamba kama ubao uliolazwa chini. Mashariki kuna milima yenye ukungu kama wetu. Katikati ni vilima na malisho, na magharibi nchi inakuwa tambarare mpaka kwenye mto Mississippi. Huko ndiko kulikolimwa pamba. Mto Tennessee wenyewe una vituko: unatoka milimani mashariki, unateremka kusini mpaka unatoka nje ya jimbo, halafu unageuka na kurudi kulikata tena ukielekea kaskazini. Mwalimu wetu alituchorea ubaoni kwa chaki ya bluu. Alisema huko kulikuwa na mafuriko, udongo uliochoka na watu maskini, ndipo serikali yao ikajenga mabwawa, moja baada ya jingine, ukaja umeme, vikaja viwanda, watu wakanawiri. Niliyakariri yote. Ungeniamsha usingizini ningekutajia faida za mabwawa ya Tennessee bila kuruka hata moja, lakini ungeniuliza kijito cha chini ya nyumba yetu kinatokea wapi, ningekutumbulia macho.

Kijito hicho ndicho kilichotulisha. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujawahi kuviona vinyungu, basi nikueleze. Ni matuta ya bondeni, tunayolima kiangazi, wakati huku juu ardhi imekauka na ghala linaanza kuonyesha sakafu. Kila mtu ana kinyungu chake, na kati yake na jirani kuna mtaro wa maji. Mtaro ukiziba kwa jirani, kwako kunafurika, mahindi na maharage yanaoza. Kwa hiyo wanawake wa bonde lile walikuwa na siku moja ya kuzibua mitaro yote, kuanzia juu hadi chini, na hakuna aliyethubutu kupanda kabla ya siku hiyo. Jembe la kwanza lilipigwa na bibi yangu, mama yake baba. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa akikijua kila kinyungu na mwenyewe, na aliyemiliki kabla yake, na aliyemiliki kabla ya huyo.

Basi likizo ile akaja mhandisi na gari, wakaitisha mkutano, yeye na mwenyekiti wa kijiji. Lilitakiwa kujengwa bwawa bondeni. Wazee wa kiume walikaa kwenye mabenchi ya shule, akina mama wakakaa chini kwenye nyasi na kanga zao, ingawa bonde lilikuwa lao kuliko la wanaume. Mhandisi alieleza kwa maneno mazito, watu wakatazamana. Mwenyekiti akasema, "Tunaye msomi wetu hapa. Mwanangu, simama utuambie, hayo mabwawa yamefanyika huko duniani?"

Nikasimama. Ee, nilivyosimama! Nilimwona baba amekaa wima, amevua kofia. Nikawapa Tennessee yote, kuanzia chaki ya bluu mpaka umeme. Mhandisi alikuwa akitingisha kichwa kwa furaha, na nadhani hata yeye siku ile alijifunza mambo. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu, na mimi nilivuma mpaka ng'ambo ya pili ya bonde. Nilipomaliza wakapiga makofi.

Bibi akanyanyua mkono akiwa amekaa palepale chini. "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Na wale waliokuwa wanalima huko bondeni walikwenda wapi?"

Kitabu hakikusema. Nilipekua kichwani ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na urefu wa kuta, kulikuwa na mazao ya biashara, watu wa bondeni hawakuwemo. Ningeweza kusema sijui. Lakini sweta ilikuwa mwilini, na baba ananitazama. Nikasema, "Walihamishiwa mahali pazuri zaidi, bibi. Walifurahi."

"Uliwaona?"

Watu wakacheka. Walimcheka yeye, mwanangu, si mimi. Mikono ikanyooshwa, bwawa likapita.

Jioni ile nilimkuta akipukuchua maharage nje ya jiko. Hakunigombeza mbele ya mtu, na hakupandisha sauti. Alinena Kibena chetu, taratibu, na hata leo nikiyaweka maneno yake kwa Kiswahili nahisi nayapunguza. Alisema, "Kutojua si kosa, hata mimi sijui mengi. Lakini wewe umepata shimo kwenye maneno yako, ukalijaza kwa bonde langu." Kisha akanisogezea ungo nimsaidie. Tulipukuchua hadi yakaisha.

Bwawa lilijengwa. Maji yakapanda juu ya vinyungu, mitaro ikazama, na tukaambiwa tusubiri faida. Masika ya pili ukuta wa udongo ukapasuka. Nashukuru Mungu hakufa mtu, walikuwa kanisani. Lakini maji yaliondoka na udongo wote mweusi waliourutubisha mama zetu kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, wakaachiwa changarawe na mawe. Baba aliniandikia barua shuleni, na mwishoni akaandika kwamba bibi ananisalimia. Hakuandika neno jingine la lawama. Bibi alikufa miaka mitatu baadaye bila kupanda tena bondeni. Kiangazi chake cha mwisho aliomba hindi bichi la kuchoma, na kijiji kizima halikupatikana. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sasa sikiliza nilivyofanya na aibu ile. Sikuificha. Nilisoma ualimu, nikachagua Jiografia na Historia kwa makusudi, na kila maktaba niliyoingia niliitafuta Tennessee. Nilitaka kujua walikwenda wapi.

Nilikuta kwamba kabla ya jimbo kulikuwa na watu, Wacherokee, wenye vijiji na mashamba ya mahindi kandokando ya mito ile. Wakaja wageni wakazitaka ardhi, wakaandika karatasi, na mwishowe wakaleta askari. Wacherokee walitolewa majumbani, wakatembezwa kwenda magharibi mbali, na wengi, wakiwemo wazee na watoto, walifia njiani. Nikakuta kwamba pamba ile ya magharibi, ambayo kitabu changu kiliisifu, ililimwa na watu wa rangi yangu na yako, waliouzwa na kununuliwa, na hakuna aliyewauliza wanataka kulima nini. Halafu ndiyo yakaja mabwawa. Sitakudanganya mara ya pili: umeme ulikuja kweli, na mafuriko yalipungua kweli. Lakini familia nyingi ziliondolewa mabondeni, wengine wakifukua makaburi ya wazazi wao wahame nayo. Kama walifurahi, sijaona mahali walipoulizwa.

Na liko moja lililonifanya nifunge kitabu nikatoka nje kupunga hewa. Hilo jina Tennessee limetokana na kijiji cha Wacherokee, kijiji cha Tanasi. Unajua kiko wapi leo? Kiko chini ya maji ya bwawa. Jina walilichukua wakaliandika kwenye ramani kwa herufi kubwa, kijiji wakakizamisha. Nilikuwa tayari mwalimu nilipolisoma hilo, na nililia kama mtoto, kwa ajili ya watu ambao sikuwahi kuwaona na kwa ajili ya hindi moja la kuchoma.

Tangu siku hiyo sikufundisha mto wowote duniani bila kuandika ubaoni swali la bibi: Waliokuwepo walikwenda wapi? Wakaguzi waliniuliza hilo liko ukurasa gani. Nikawaambia liko ukurasa ulioachwa. Waliniandika kuwa ni mwalimu mbishi, na nilikubali, maana ni kweli.

Nimestaafu ualimu, lakini ubishi bado. Siku hizi nakaa Makambako kwa mwanangu wa pili kwa sababu ya magoti, kwenye huu upepo unaotaka kung'oa bati kila mchana. Lakini kiangazi nashuka Matembwe. Bonde lile, mwanangu, tumelirudisha. Akina mama walibeba samadi na majani kichwani, mwaka baada ya mwaka, mawe yakatolewa moja moja, na nilipostaafu nikaungana nao. Udongo haujawa mweusi kama wa zamani, lakini mahindi yanaota. Kinyungu cha bibi nakilima mimi.

Mwezi uliopita likaja gari hapa Makambako, akashuka kijana nadhifu na ramani. Eliya, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mtu wa ofisi. Alipiga magoti kunisalimu, "Kamwene, mwalimu," na kwa kweli nilifurahi kumwona. Tukanywa chai. Kisha akatandaza ramani mezani. Kuna watu wanataka kulima parachichi mlimani juu ya kijiji, shamba kubwa, na maji yatavutwa kutoka bondeni. Wanakijiji wengine wamekwisha kuweka sahihi, akasema, ila wenye mradi wanasema hawawezi kuendelea mpaka mwalimu aweke yake. Nikavaa miwani. Bonde letu lilipakwa rangi ya manjano, na pembeni imeandikwa: eneo lisilotumika.

Ila nilimwacha aseme. Akataja faida zote, ajira, barabara, zahanati, kwa mpangilio mzuri, bila kuruka hata moja. Nilijisikia nimesimama tena mbele ya mabenchi yale na sweta yangu. Alipomaliza nikamuuliza, "Eliya. Wanaolima hapo penye manjano wanakwenda wapi?"

Alilitambua swali, nilimwona. Alitazama chini, akaigeuza kalamu mkononi, na nilikaa nikiomba kimyakimya asiseme nililosema mimi. Mwishowe akasema, "Sijui, mwalimu. Sikuuliza."

"Afadhali yako," nikamwambia. "Mimi nilisema walifurahi. Sasa nenda ukaulize, na ukimaliza, hiyo manjano uifute. Watu wako hapo. Mimi mwenyewe niko hapo." Kalamu aliyonisogezea niweke sahihi nikamrudishia ikiwa na wino wote. Sikuweka sahihi, na siweki. Ramani aliniachia, na alipotoka nilichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika juu ya ile manjano majina ya wenye vinyungu mmoja mmoja, kuanzia juu ya bonde hadi chini. Kinyungu cha bibi nimekiandika kwa jina lake yeye.

Najua wanavyonisema: bibi anapinga maendeleo, bibi ana kichwa kigumu. Waseme. Sijakataa parachichi, nazila kila siku. Nakataa kuandikwa kwamba sipo na huku nimeshika jembe. Watu wa Mchuchuma, mkoa wetu huu huu, wameahidiwa mgodi wa makaa ya mawe tangu mimi ni kijana, na mpaka leo hawajaacha kulima wakisubiri. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao, na nitakwenda na ramani yangu yenye wino mwekundu, magoti yatake yasitake. Safari hii sitaki kukaa kwenye benchi. Nitakaa kwenye nyasi na akina mama, na nitanyanyua mkono kutoka hapo hapo.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, nawe uishike. Soma. Soma Tennessee na ng'ambo zote za dunia, maana ni huko nilikoyajua ya kwetu. Lakini ukisoma mahali popote pameitwa patupu, uliza nani alikuwepo. Usichokijua, sema hujui, hata kama baba yako anakutazama. Na ukiletewa karatasi inayosema watu fulani watafurahi, usiiguse mpaka umewasikia kwa vinywa vyao. Wakikuita mbishi, itika.

Jumamosi tunazibua mitaro. Aliyepaswa kupiga jembe la kwanza ni mimi, ila magoti yamekataa kuinama, kwa hiyo nimewaambia wenzangu jembe la kwanza mwaka huu utalipiga wewe. Njoo mapema, njoo na viatu vya matope. Mungu wa bibi yangu akupe mgongo wa kuinama shambani na shingo isiyoinama mkutanoni, akulinde kwenye mabonde yote utakayopita, na siku wajukuu wako watakapouliza ulikuwa wapi, uwaonyeshe kwa kidole.