Kioo Nilichokisugua

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilikuwa Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa na miezi mitatu tu ndani ya nyumba ya mume wangu, hapa hapa mtaani Buyenzi. Nikiisimulia sasa nacheka. Siku yenyewe sikucheka.

Sebuleni kulikuwa na redio ya baba mkwe wangu, sanduku kubwa la mbao, redio ya lampu kama tulivyokuwa tukiziita. Nyinyi wa simu hamkuzijua. Ndani mlikuwa na chupa ndogo za kioo, ukiwasha zinaanza kuwa nyekundu polepole, ndipo sauti inatoka. Baba mkwe aliinunua ujanani, na mwaka aliofariki nayo ikanyamaza. Mama mkwe hakuiondoa. Kila Ijumaa aliipangusa kwa kitambaa kikavu. Idi ilipokaribia akasema anatamani kuisikia tena, kwa hiyo Jumatatu nimsindikize mtaa wa Cibitoke kwa Mzee Deo, fundi aliyezijua redio za namna ile.

Bibi harusi mpya hutafuta sifa, mwanangu, nami nilizitafuta sana. Niliona aibu kumpelekea fundi kitu chenye kioo cheusi kwa moshi wa miaka, ambao kitambaa kikavu hakikuutoa. Mama mkwe alipokwenda sokoni nikakitoa kioo cha mbele, kile chenye majina ya miji ya kutafutia vituo, nikakisugua kwa sabuni na limau. Majina yote yakaondoka na povu. Nikakirudisha kitupu kama kioo cha dirisha, nikaifunika redio kitambaa cha kudarizi, nikanyamaza.

Kwenye teksi mama aliipakata redio njia nzima na kitambaa chake juu, akimwambia dereva apite taratibu kwenye mashimo.

Mzee Deo aliifunua, akakiangalia kioo. Kila aina ya redio ilikuwa na kioo chake, na kwa mpangilio wa majina yeye aliitambua redio hata kabla ya kuifungua.

“Kioo hiki mulikitoa wapi?”

“Tulikikuta hivyo, mzee,” nikasema haraka.

Mama aliniangalia, akakiangalia kioo, akaniachia niseme mwenyewe.

Mzee Deo akafungua nyuma. Karatasi yenye jina la redio ilikuwa imeliwa na mende, na namba za kwenye lampu zilikuwa zimefutwa na joto. Akatikisa kichwa.

“Kama kioo kilibadilishwa, kuna mutu alishaingia humu. Hata hizi lampu pengine si zake. Mi siwezi kutia umeme ndani ya kitu sikijui, kitaungua. Afadhali niifungue yote, nibakize vyuma vya maana. Sanduku murudi nalo, litakuwa pambo.”

Mama alishika ukingo wa meza. “Kama hakuna njia ingine, fanya,” akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mzee Deo akachukua turnavisi yake, akafungua skrubu ya kwanza. Ya pili. 

“Mzee, ngoja,” nikasema. “Kioo ni chake. Ni mi nilikiosha juzi, majina yakatoka. Nimekudanganya.”

Akaiweka turnavisi chini. Nilingoja anifukuze, lakini yule mzee alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. “Apana, binti yangu, ungeniambia mwanzo.” Akakitoa kioo, akakisogeza mdomoni, akakipumulia kwa pumzi ya moto. Kwenye ule ukungu majina yakajitokeza, hafifu lakini yanasomeka: Bruseli, Parisi, Leopoldville. Akayanakili kwa penseli kabla hayajapotea, akapumulia tena, akanakili tena.

“Hii naijua,” akasema. “Nilishatengeneza ndugu zake watatu. Lampu tano, na zote ni zake.”

Tulimwachia redio, na tulipotoka nje mama alisimama kivulini. “Nilijua tangu nilipokiona kioo, sikutaka kukuaibisha mbele ya fundi. Kioo ningekusamehe hata bila kuniomba,” akaniambia. “Lakini uliniacha nikubali ivunjwe, ili we uonekane muzuri. Usirudie hilo ndani ya nyumba yangu.” Kisha akaniuliza kama nina njaa, akaninunulia maandazi. Basi. Hakulitaja tena mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Alhamisi tuliitwa. Mzee Deo alikuwa amebadilisha vipande vilivyokauka na kusafisha miguu ya kila lampu. Hakuichomeka moja kwa moja. Aliupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida, ili uingie kwa upole. Tukainama watatu. Lampu zikashika wekundu, kukawa na mngurumo, halafu sauti ya mwanaume akisoma habari kwa Kirundi, nzito na ya karibu kama yumo chumbani. Mama alicheka huku machozi yanamtoka, akaanza kuzungusha kitufe kana kwamba aliiacha jana.

Nyumbani alifumba macho, akawa anazungusha na kusikiliza. “Hapa ni Kigoma, andika. Hapa Bukavu. Hapa baba alikuwa anasikiliza mpira, andika: mpira wa baba.” Nami nikaandika kwenye kioo kwa rangi nyeupe na njiti ya ufagio, herufi zimepinda kama kamba ya nguo. Siku ya Idi mashangazi walicheza sebuleni mpaka pilau ikashika chini, na tukaila hivyo hivyo.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Ukikuta kitu cha watu cha zamani, waulize walioishi nacho kabla hujakitia mkono. Na ukikosea, sema mapema, kwa sababu anayetaka kukusaidia anafuata maneno yako. Ukimpa ya uongo, atavunja kizima akidhani anatengeneza. Aibu niliyoiogopa siku mbili ilikwisha kabla sijamaliza kusema.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kukiri bila kutetemeka, akuzungushie watu wanaojua kusamehe, na nyumba yako isikose kicheko. Amina.