Ufa wa Chumbani kwa Mama

Nimechoshwa na ufa mmoja. Ulianzia kwenye kona ya nyumba ya mama huko Bukhayo, upande wa chumba chake cha kulala, ukapanda ukifuata maungio ya matofali hadi karibu na dirisha. Miaka minne niliuhangaikia. Kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya malori mpakani Malaba, na kila Jumamosi nilipopata nafasi nilikwenda nyumbani kutazama ukuta.

Nyumba aliijenga baba, na alipofariki mama alituambia waziwazi kwamba atatoka humo akiwa amebebwa. Ukuta ukianguka, sikujua nimpeleke wapi. Kwangu Malaba alishakataa, malori yananguruma kutwa kucha. Kwa hiyo nilimtafuta fundi, jirani tuliyesoma naye shule ya msingi.

Mwaka wa kwanza alisema maji ya paa yanachimba ukuta, tukaweka gata za kukinga maji ya paa na mtaro. Mwaka wa pili tukaziba ufa kwa simiti. Ulifunguka palepale baada ya mvua. Mwaka wa tatu tukachimba kwa nje, kipande kwa kipande, tukamwaga konkriti chini ya msingi. "Boss, sasa imekaa," fundi akaniambia, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kupumzika. Mwaka wa nne mlango wa chumba ukaanza kukwama. Nilimsikia mama akiusukuma kwa bega.

Nilimsikia nikiwa sebuleni, maana hapo ndipo mwisho wangu. Kwetu mwanamume mzima haingii chumba anacholala mama yake. Fundi naye ni rika langu, anamwita mama, kwa hiyo haingii. Mke wangu haingii kwa heshima ya mkwe. Basi watu wazima tulikuwa tunatibu chumba tusichowahi kukiona kwa ndani. Tulisimama nje ya dirisha lenye pazia, tukauliza, "Mama, sakafu iko sawa?"

"Iko sawa," akajibu, nasi tukaendelea kuchimba nje. Heshima ilitufanya wajinga, nami nilikuwa wa kwanza.

Mjukuu ndiye anayeruhusiwa. Binti yangu anasoma chuo hapo Alupe, na alipokuja kulala kwa bibi yake, kukhu kama anavyomwita, wikendi moja, aliniita pembeni ya jikoni. "Baba, chini ya kitanda cha kukhu kuna shimo. Nimeingiza mkono mpaka kwa kiwiko na sijafika mwisho. Ameifunika na karai." Akanionyesha picha kwenye simu. Sakafu ilikuwa imevunjwa na udongo mwekundu umechotwa juzijuzi.

Nikaenda kumuuliza mama. Hakuona aibu hata kidogo. Alisema alipoolewa, mama mkwe wake alimwonyesha kichuguu hapo na kumwambia ni chake, awe anatega kumbikumbi. Baba akakikata, akasawazisha, akajenga juu yake akisifu ugumu wa udongo. Malkia wa mchwa na mashimo yote wakabaki chini. Baba alipofariki, mvua iliyofuata kumbikumbi walipenya sakafuni, na mama akawa anawapanulia njia wajae kwenye karai.

"Si hata wewe ulikuwa unakula," akasema.

Ni kweli. Kila msimu nilirudi Malaba na kopo la kumbikumbi wa kukaanga, nikitafuna na kulalamika kuhusu msingi. Nilikasirika, na hasira ikaniisha haraka kwa sababu ya uchovu.

"Mama, hii nyumba itakuangukia."

Akageuka kuutazama mlango wa chumba chake. "Kwa hivyo mnataka kuingia."

"Hakuna njia ingine."

Jumamosi iliyofuata tulikuta kitanda chake sebuleni, nguo zimekunjwa juu yake, koti la baba limetundikwa kwenye kiti. Mama alikuwa nje akipukuchua mahindi. "Hiyo sasa ni chumba tu," alisema bila kuinua kichwa. "Ingieni."

Niliingia nikiwa na mvi. Tulivunja sakafu, tukafuata mashimo hadi kimo cha kiuno, tukamtoa malkia. Tukajaza mawe na murram, ule udongo wa changarawe wa barabarani, tukishindilia kila tabaka, kisha tukaweka msingi mpya kwa vipande vifupi ili ukuta usibaki ukining'inia. Mwisho nikabandika kipande cha kioo juu ya ufa. Ukuta ungesogea, kioo kingepasuka. Mvua ya masika ilinyesha ikaisha, kioo kizima. Mlango unafunguka kwa kidole.

Nikamwambia mama nyumba imepona, turudishe kitanda.

"Huko wanangu mlishaingia," akasema. "Nitalalaje?"

Nilibembeleza, mke wangu akabembeleza, binti akajaribu. Hakukasirika, alikataa tu. Chumba kile sasa kina magunia ya mahindi, na ndicho imara kuliko vyote katika nyumba ile. Mama analala sebuleni. Na kwa kuwa analala sebuleni, siku hizi nikienda nyumbani siingii ndani. Ananiletea chai nje, nami nainywea hapo nimeegemea ukuta wangu.